Anko Évariste Alivyomvunja Askofu Shingo

Ukienda chooni kwa anko Évariste utakuta funguo mbili zimening'inizwa kwenye msumari, na moja haifungui kitu. Ni ya jasi. Ameipaka rangi ya fedha ikatoka nzuri kuliko ya kweli, kwa hiyo kila mgeni anaishika hiyo. Inamvunjikia mkononi. Anatoka pale na sura ya mtu aliyebomoa nyumba ya watu, anaanza kuomba radhi, kumbe anko alishakaa zamani kwenye kochi anamsubiri, anacheka mpaka anakohoa. Funguo kama hizo anazo nyingine tele kwenye droo ya vijiko.

Huyo ndiye anko wangu. Kamuoa mamkubwa Huguette, dada yake mama, na maisha yake yote amekuwa fundi vigae hapa Saint-Quentin, Ufaransa. Ukioga kwenye mji huu, yaani karibu hakika unaoga mbele ya kazi yake. Alipostaafu, mamkubwa alimwomba atafute kitu cha kufanya, chochote, hata kuvua samaki. Ndipo akakumbuka kwamba gereji imejaa tyubu za silikoni zilizobaki kazini. Mamkubwa mpaka leo anajilaumu.

Ngoja nikueleze inavyofanyika maana ni raha tupu. Unachukua silikoni ile ya kuzibia ukingo wa beseni la kuogea, ya bei rahisi kabisa, inayonuka siki. Unaiminya yote kwenye bakuli, unamwagia wanga wa mahindi, unakanda kama unga wa maandazi mpaka iache kushika vidole. Unakifunika nayo kitu unachotaka kukinakili, unasubiri igande, halafu unaibandua. Hiyo ndiyo kalibu. Inavutika kama soksi, unaipindua ndani nje, na kila kitu kimebaki mle ndani mpaka mikwaruzo. Unamwaga jasi, unasubiri, unavua soksi. Pacha huyo hapo.

Amenakili jibini zima la mviringo na mjomba Régis akaharibu kisu kizuri akijaribu kulikata. Amenakili goti langu. Amenakili sikio la mamkubwa akiwa amesinzia mbele ya televisheni mchana, na mamkubwa alipoamka akahisi kitu cha baridi kinamnata kichwani akamtupia rimoti, ikampata. Alama ya rimoti kwenye paji la uso akataka kuinakili pia, mamkubwa akamwambia akithubutu anahamia kwa dada yake. Dada yake ndiye mama yangu, na sisi hatuna nafasi.

Sasa, Januari ikifika tunakula keki ya wafalme kama watu wote, ile ya krimu ya lozi yenye kidude kigumu kimefichwa ndani. Kinaitwa haragwe ingawa siku hizi hakuna anayeweka haragwe. Kikiingia kwenye kipande chako unavaa taji la karatasi. Kwa wengine ni kidude cha duka la mikate, kesho yake kinaingia kwenye fagio la umeme. Sisi chetu ni Askofu. Ni wa kauri nyeupe, mdogo kama ncha ya kidole, ana kofia ndefu na fimbo, na macho yamefutika, kwa hiyo anafanana na mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Alitoka kwenye keki ya harusi ya bibi yangu, Bibi Léontine, mama yao mama na mamkubwa. Sheria yetu ni kwamba ukimpata unakaa naye mwaka mzima, na Januari inayofuata keki inapikwa kwako, naye ndani.

Wote tulishampata. Mjomba Régis kampata mpaka kachoka. Anko peke yake alikuwa hajawahi, na familia nzima ilikuwa inajua kwamba Bibi anafurahia hilo. Bibi hampendi anko tangu siku ya kwanza. Anko alikuja kumbandikia vigae vya bafu, akamwona Huguette anapita na taulo, akachanganya gundi vibaya, na wiki haikuisha ukuta wote ukamdondokea Bibi akiwa ndani ya maji. Mpaka leo anamwita "Bwana Fundi", kwa sauti ile ya mtu anayesubiri umalize kazi uondoke.

Basi Januari ya mwaka jana anko akauma kipande chake, akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka, akamtoa Askofu mdomoni akamwinua juu kama kombe la dunia. Bibi ndiye anayevalisha taji, hakuwa na jinsi. Akamvalisha mbele yetu sote, akambana masikio makusudi, akamwambia, "Haya, Bwana Fundi. Sasa umeshika kitu chetu. Tuone kama wewe kuna kitu unaweza kukishika kikakaa."

Sisi tulicheka. Anko hakucheka. Mwaka mzima Askofu alikaa kwenye kishubaka cha glasi juu ya redio, na anko alikuwa anamfuta vumbi kwa brashi ya kunyolea.

Mwezi wa Desemba nilienda kwao kwa sababu intaneti yao ni nzuri kuliko yetu. Nikamkuta jikoni peke yake, ameshika mwili wa Askofu. Mwili tu. Nilicheka, samahani, lakini na wewe ungecheka, ilikuwa ile sura yake. Halafu nikaona yeye hacheki, nikaacha.

"Funga mlango, Anouk," akasema.

Alikuwa ametaka kumnakili. Januari inakuja, Askofu anaondoka, nani ajuaye kama angempata tena maishani, kwa hiyo alitaka abaki na wake. Nikamuuliza kwa nini hakumpiga picha kwa simu, akaniangalia kama nimemwambia aoe picha ya mamkubwa. Kosa lenyewe lilikuwa la kifundi. Ukimvika mtu silikoni mwili mzima unatakiwa uipasue kwa kisu ndipo umtoe. Ila mpasuko unaacha mstari, na anko hakutaka Askofu wake awe na mstari usoni. Fundi vigae anaogopa mstari uliopinda kuliko kifo. Kwa hiyo akaamua kumtoa kwa chini, kama unavyomvua mtoto buti. Akavuta, ikalia tik. Kichwa kikabaki ndani, na alipokichokoa kwa kijiti kikatoka vipande vipande kama chumvi.

"Gundisha," nikamwambia.

"Nigundishe nini? Chumvi?"

"Basi mwambie mamkubwa ukweli."

"Mamkubwa wako akijua, simu ya bibi yako inalia kabla sijafunga mdomo." Akakaa. "Miaka yote hii nakula pale mezani kama mtu aliyekuja kusoma mita. Mwaka mmoja nimepewa kitu. Mmoja."

Nikachukua ile kalibu nikaichungulia kwa tochi ya simu. Ilikuwa safi kabisa. Kofia, fimbo, mikunjo ya kanzu, mpaka ule usingizi wa usoni, vyote vilikuwa mle. Askofu alikufa lakini shimo lake lilikuwa zima.

Basi tukaanza. Shida ni kwamba kidude kinaingia kwenye keki mbichi na keki inaingia kwenye oveni, kwa hiyo lazima kivumilie moto. Mamkubwa akienda mazoezi ya kwaya sisi tunapika keki ya majaribio. Wa jasi alinyonya siagi akawa chaki, nikammeza nusu bila kujua. Wa gundi ile inayochanganywa kutoka makopo mawili alitoka wa manjano, ameegemea upande mmoja kama mlevi anayesubiri teksi, na jikoni pakanuka tairi. Wa nta ya mshumaa tulimtafuta hatukumwona, keki tu ndiyo iling'aa. Mimi nilinenepa. Mamkubwa akawa anauliza kwa nini nyumba inanuka siki na lozi, anko akamwambia ni uzee.

Mwishowe anko akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kitu gani nyumba hii kinavumilia joto la oveni? Silikoni yenyewe. Unamwaga silikoni ndani ya kalibu ya silikoni. Mara ya kwanza vikashikana vikawa donge moja, ikabidi tutengeneze kalibu nyingine kwa kufunika silikoni nakala ya jasi tuliyokuwa tumeibakiza. Mara ya pili akapaka vaselini kwanza kwa pamba ya masikio, kila kona. Akatoka Askofu mweupe pe, hana mstari hata mmoja. Tukamwoka, hakubadilika. Tukamchemsha, tukamwanika dirishani mpaka harufu ya siki ikaisha. Anko alitumia ile silikoni ya mabafu inayozuia ukungu, akasema huyu atamzika mpaka Papa wa Roma.

Kasoro yake ilikuwa moja. Ukimbonyeza, anainama.

"Na nani atambonyeza askofu?" anko akasema.

Mpango ulikuwa hivi. Mimi ndiye mdogo kuliko wote kwenye familia, na kwa desturi mdogo ndiye anayeingia chini ya meza. Mwenye nyumba anakata keki, anaweka kisu kwenye kipande anauliza ni cha nani, na mdogo, ambaye haoni kitu, anataja jina. Nina miaka kumi na sita na miguu kama ya korongo lakini hakuna aliyezaa baada yangu, kwa hiyo kila mwaka najikunja mle kama kitanda cha kambi. Anko akasema ataweka alama ndogo juu ya keki, na kisu kikifika kwenye kipande chenye Askofu atagonga ncha ya ndara sakafuni mara moja. Nimtaje yeye. Atamtoa mdomoni haraka, atamwonyesha kwa mbali, atamrudisha kwenye kishubaka, na tutakuwa na mwaka mwingine wa kufikiri.

Jumapili ikafika. Mama, mjomba Régis, Bibi na fimbo yake na mkoba wake mkubwa. Bibi akaenda moja kwa moja kwenye kishubaka, akakuta kitupu, anko akamwambia ameshaingia kwenye keki. Ilikuwa kweli. Tukala kuku, tukanywa mvinyo wa tofaa, mjomba akasimulia upuuzi wake wa kazini, anauza bima na hakuna anayemwamini. Keki ikaletwa. Nikaingia chini.

Ukitaka kuwajua ndugu zako waangalie miguu. Mjomba soksi imetoboka. Bibi viatu vya kanisani, vimesimama sambamba kama polisi. Na anko, jamani, anko ndara zake zilikuwa zinatwanga. Hata kisu hakijashuka, mguu tayari unaenda kama cherehani. Ni woga tu. Mamkubwa akaweka kisu, akauliza hiki cha nani, na mguu unatwanga. Kipande cha pili, unatwanga. Nikamfinya kigimbi cha mguu ili atulie, akaruka, akadhani ni paka, akazidi. Ishara nitaijuaje katikati ya ngoma nzima? Nikabahatisha. Nikasema cha kwanza cha mama, cha pili cha anko, cha tatu cha Bibi. Nilipotaja Bibi mguu ukasimama kabisa.

Nikajua tumekwisha.

Nikatoka nikakaa. Anko alikuwa amekuwa rangi ya keki mbichi. Tunakula, kila mtu anatafuna polepole kama kawaida, ulimi unapekua. Bibi akauma. Akatafuna. Akaendelea kutafuna wakati sisi tumeshameza, mashavu yanazunguka kama ya ng'ombe aliyeokota mfuko wa plastiki.

"Huguette," akasema bila kuacha, "umeweka nini humu?"

"Lozi, mama."

"Lozi ukiiuma hainyooki tena."

Akaingiza vidole akamtoa. Meza nzima ikashangilia, Bibi ni malkia, mama akaanza kunyoosha taji. Bibi hakushangilia. Alikuwa amemshika Askofu kwa vidole viwili, na Askofu alikuwa ameinama. Akamwachia, akanyooka. Akambonyeza tena, kofia ikagusa magoti.

"Anasalimia," mjomba Régis akasema, halafu akaona nyuso zetu akaanza kuokota makombo.

Mamkubwa alikuwa ameshamgeukia mumewe. Akamwita jina lake, Évariste, taratibu, na mimi nilitamani nirudi chini ya meza.

Anko akasimama. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua mbele ya sahani ya Bibi. Ule mwili wa kauri ulikuwa mle, na pembeni yake kisanduku cha kiberiti.

"Nilimvunja mimi, mama," akasema. "Nilitaka niwe na wangu nikaharibu wako. Kichwa kiko kwenye kiberiti, ila kimekuwa unga." Akakisogeza kiberiti kwake. "Ulisema tuone kama kitakaa. Basi umeona."

Bibi akauangalia ule mwili usio na kichwa. Tukangoja afe au amuue mtu. Halafu akainua mdomo wa juu kwa kidole, kama farasi, akatuonyesha jino la mbele la meno yake ya bandia.

"Mnajua hili lilitokaje? Niliolewa Januari. Mama mkwe akapika keki yake, nikauma mbele ya wageni wote, na jino langu zima likabaki kwenye huyu nguruwe. Picha zote za harusi nimefumba mdomo. Nyinyi mnasema nilikuwa bibi harusi mwenye haya." Akashusha mdomo. "Mama mkwe akasema ni baraka, nimtunze. Nikamtunza."

Mama yangu akauliza kwa sauti ndogo mbona hakuwahi kusema.

"Ningesema mngemtupa. Na mimi nilitaka na nyinyi mng'oke meno."

Ninaapa alisema hivyo, na keki mdomoni. Halafu akamchukua yule wa silikoni, akamrudisha kati ya meno, akamng'ata kwa nguvu zake zote, macho amefumba, kama mtu anayelipiza. Akamtoa. Askofu mzima, meno mazima. Sijawahi kumwona Bibi na sura ile, alionekana msichana. Akaunyanyua ule mwili wa kauri kwa kucha mbili akautupia kwenye bakuli la maganda ya machenza.

"Bwana Fundi," akasema, "unao wangapi wa hivi?"

Kulikuwa na kisanduku kizima cha viatu juu ya kabati, kimejaa wao. Anko alikuwa amewatengeneza bila kuniambia, baadhi hawana fimbo, mmoja mweusi wa ile silikoni ya madirisha. Mamkubwa ndipo akaelewa harufu ya siki, na siagi iliyokuwa inaisha, na mimi nilivyonenepa, akaanza kusema na hakuacha, na yote aliyosema yalikuwa ya haki. Hakuna aliyemsikiliza. Mjomba Régis alikuwa anarusha Askofu ukutani anamdaka. Mmoja akaangukia kwenye mvinyo wa mama. Bibi malkia akiinua glasi sote tunapiga kelele kwamba malkia anakunywa, na aliinua glasi sana siku ile.

Malkia anachagua mfalme, hiyo nayo ni desturi. Mjomba alishainamisha kichwa. Bibi akampita akamwambia anko alete ile kalibu kwanza. Akaipeleka puani, akainusa, akaipindua ndani nje, akachungulia shimo la Askofu, akaiweka kwenye mkoba wake mkubwa akafunga zipu.

"Hii nakaa nayo. Anayetaka Askofu atakuja kwangu."

"Na mimi, mama?" anko akauliza.

"Wewe ndiye mwenye silikoni. Utakuja, au unataka nikufuate nikubebee?"

Akamvika taji. Safari hii masikio hakumbana, nililiangalia hilo makusudi.

Baadaye wengine wakiwa wamehamia kwenye kahawa nilimwona anko anaingiza vidole kwenye maganda ya machenza, kiwiziwizi, anajifanya anayakusanya. Alikuwa anamtafuta yule wa kauri. Bibi alikuwa palepale, anaangalia dirishani, hata hakugeuka. Ila kidole chake kilikuwa kwenye ukingo wa bakuli, kikalisukuma kidogo kidogo mpaka likafika mbele ya anko.

Wiki iliyofuata anko akaenda kwa Bibi na mfuko wa tyubu. Ikafika jioni hajarudi, mamkubwa akaingiwa na hofu, akaniambia nipige simu ya video. Akapokea Bibi. Skrini yote ilikuwa vaselini. Akaniambia nisiwasumbue, wako kazini, yule nesi anayekuja asubuhi kumpima presha ni mwanamke anayejua kila kitu na hacheki kamwe, kwa hiyo wanamtengenezea meno ya pili ya jasi, atayakuta yameng'ata bomba la maji. Alipokuwa anaongea mdomo ulikuwa umebonyea. Meno yake yalikuwa kwenye bakuli mbele ya anko, yamefunikwa silikoni mpaka juu, na anko alikuwa ameinama na kisu, ulimi nje, anaipasua kalibu polepole kabisa.

"Kutakuwa na mstari," nikamsikia anasema.

"Pasua," Bibi akamjibu. "Nani ataangalia mstari?"